Fomu za Siku Tatu za Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Bosi amerudi kutoka semina. Nilipofika saa mbili kasoro kumi nilimkuta amepanda juu ya kiti, viatu kavua, anabandua picha ukutani. Tumezikusanya miaka miwili hizo picha: vyumba vyeupe visivyo na kitu, taa zinazoning'inia kwenye waya mtupu, viti ambavyo mtu hajui akalie upande gani. Zote zimeingia kwenye boksi.

"Bosi, hata ile ya ngazi?" Rangi alilalamika. Rangi ndiye mchagua rangi wetu, na ile picha ya ngazi aliipenda kuliko mchumba wake.

"Hata ile ya ngazi. Tumekuwa tukichora vyumba vya watu tusiowajua kwa kuiga vyumba vya watu wengine tusiowajua. Kuanzia leo hatuchori mstari hata mmoja mpaka tumekaa na mtu atakayeutumia."

Rangi akaniinamia. "Mwaka juzi kila kitu cheupe. Mwaka jana kila kitu saruji tupu. Mwaka huu ni mtu. Mwakani sijui itakuwa nini."

Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Kazi kama hii inanifaa. Hapa ofisini naitwa Rula, na jina hilo sikulipata kwa bahati mbaya.

Kazi ya kwanza ni ukumbi wa kusubiri wa ile zahanati ya bondeni. Nimepewa fomu kumi, moja kwa kila siku ya kazi. Saa, nani kaingia, kakaa wapi, kasubiri muda gani, kafanya nini. Safu ya mwisho imeandikwa: Maneno ya mtumiaji, kama alivyoyasema. Bosi anasema safu hiyo ndiyo roho ya fomu.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati. Nimeingia saa moja na nusu, nimetoka saa tisa. Ukumbi ni mita tisa kwa sita, paa la bati bila dari. Mabenchi saba ya zamani, hakuna lililonyooka, yamezagaa ovyo kama ng'ombe waliolala. Mlango upande wa barabara. Upande wa pili, dirisha dogo ambalo nesi anaitia majina. Ana sauti ya mwalimu wa michezo. Hata waliokaa nje kibarazani wanamsikia.

Watu 64. Maneno: "Choo kiko wapi?"

Jumatano, 6 Machi

Watu 58. Maneno: "Choo kiko wapi?" na "Kaka, hii foleni ni ya nini?"

Alhamisi, 7 Machi

Watu 71. Mwanamke mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Nikasema hapana. Akahama benchi.

Ijumaa, 8 Machi

Watu 60. Nimempelekea Bosi fomu nne za kwanza. Amezipitia taratibu na kalamu mkononi, na kalamu haikugusa karatasi. Alipofika safu ya mwisho akainua macho.

"Wanauliza choo tu?"

"Choo kiko nyuma ya jengo, Bosi. Hakuna kibao."

"Sawa, kibao tutaweka. Lakini wewe Rula unakaa nao, au unakaa tu pale? Kwenye semina walitusomea maneno ya mzee mmoja, tukanyamaza ukumbi mzima. Mtu akikaa nawe vya kutosha, atasema."

Nimerudi mezani uso umenishuka. Siku nne nimepima kila kitu, kumbe sikuleta kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza jana jioni na haijakatika. Nimefika mpaka daraja dogo la kuingilia bondeni. Maji yalikuwa juu ya daraja, ya rangi ya chai. Watu walikuwa wanavua viatu na kuvuka wameshikana mikono. Mimi nilikuwa na mkoba wa fomu. Nimerudi.

Shangazi alinikuta chumbani mchana akadhani naumwa. Akaniletea chai na blanketi lake mwenyewe. Sikumkatalia.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sikwenda.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Sikwenda. Nimejaza fomu tatu.

Naandika hapa nilivyozijaza, maana daftari hili halisomwi na mtu na mimi ni mtu wa utaratibu. Idadi ya watu nimechukua wastani wa siku nne za mwanzo, nikapunguza kidogo kwa ajili ya mvua: 52, 49, 55. Muda wa kusubiri, wastani pia. Mpaka hapo sioni kama nimemdhulumu mtu.

Safu ya mwisho haina wastani. Nilikaa na kalamu karibu saa nzima, nasikiliza maji yanavyopiga bati. Nikamwona mwanamke wa makamo, kikapu mapajani, kitenge kimelowa pindoni. Nikamkalisha benchi la mwisho. Nikampa maneno: "Nikiuona mlango, moyo wangu unatulia."

Nilipoisoma tena nikaona ni sentensi nzuri. Nikaandika na saa: nne na dakika kumi na tano.

Alhamisi, 14 Machi

Jua. Nimekwenda zahanati. Watu 83, nadhani wengi ni wale walioshindwa juzi. Nesi sauti imemkauka. Nilimuuliza kisa. "Mvua hiyo," akasema, na akaita jina linalofuata kabla sijauliza zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Watu 62. Choo.

Jumatatu, 18 Machi

Watu 66. Fomu kumi zimetimia.

Jumatano, 20 Machi

Kikao cha kusoma fomu. Bosi alisoma kwa sauti, sisi tumekaa: Rangi, mimi, na Fundi seremala ambaye alipanda kutoka karakana ya chini akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisoma Choo kiko wapi mara sita, na mara ya sita Fundi alisema, "Jamani, si mumjengee mtu choo yaishe!" tukacheka wote.

Kisha akafika fomu ya tano. Akaisoma ile sentensi. Akairudia polepole, na sauti yake ikapungua mwishoni kama redio iliyoishiwa betri.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye. Ulimsikia mwenyewe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ninaukumbuka vizuri upana wa nafasi ile. Nesi angeita majina matatu ndani yake.

"Ndiyo, Bosi."

"Alikuwaje?"

Nikamweleza. Kikapu, kitenge, pindo lililolowa. Kila nilipoulizwa nilikuwa na jibu, na majibu yalikuja bila kusukumwa. Mtu mkweli angesitasita zaidi yangu.

Alhamisi, 21 Machi

Sentensi imechapishwa kwa herufi kubwa na kubandikwa pale palipokuwa na picha ya ngazi. Rangi ndiye aliyechagua wino. Kijani.

Jumanne, 26 Machi

Bosi amekata shauri: mabenchi yote yatazame mlango. Mistari mitano, yamefungwa sakafuni kwa bolti yasizagae tena. Mimi ndiye ninayechora. Nimechora vizuri.

Sasa hapa ofisini tukibishana tunasema, "Mama wa Kikapu angesemaje?" Rangi akitaka ukuta wa njano, Bosi anauliza Mama wa Kikapu angetulia na njano? Rangi anajibu kwa niaba yake, Bosi anajibu kwa niaba yake, na mimi nimekaa kati nikiwa mtu pekee anayemjua.

Jioni Fundi alikuja na mchoro wangu mkononi. Ni mtu wa kuuliza uliza, na mimi huwa ananichosha.

"Rula, nisaidie. Hawa wakitazama mlango, nesi si atakuwa kisogoni kwao?"

"Atakuwa nyuma yao, ndiyo. Lakini wanamsikia. Na tutaongeza spika."

"Siku zote wanamsikia?"

"Nimekaa siku kumi, Fundi. Siku zote kumi wanamsikia."

Akakunja mchoro. "Haya. Mimi nakata mbao, nyie ndio mliosoma watu."

Jumatano, 3 Aprili

Wasanifu wa ofisi nyingine wamekuja kutazama kazi yetu, vijana wanne wenye madaftari meusi yanayofanana. Walipiga picha ile sentensi. Mmoja amesema wanachora maktaba ya shule, na wao wataelekeza meza zote mlangoni. Bosi akawaambia waende wakakae na wanafunzi kwanza. Wakaitikia kwa adabu. Lakini nilimwona yule mmoja akiandika "viti – mlango" na kuchora mstari mara mbili chini yake.

"Tumeshaigwa," Rangi alisema kwa furaha walipoondoka. "Rula, umeanzisha mtindo!"

Niliingia chooni nikakaa huko mpaka joto la uso likapoa.

Alhamisi, 4 Aprili

Penseli ya B mbili imekwisha. Nimeomba nyingine.

Jumanne, 9 Aprili

Bosi ameniita ofisini kwake, akafunga mlango. Nilijua nimekamatwa. Nilihisi hata nafuu kidogo.

Alitaka kuniambia habari za mama yake. Alipokuwa na miaka kumi na moja walikuwa wanakwenda pamoja zahanati, mama yake kifua kinamsumbua, na muda wote wa kusubiri mama alikuwa anatazama mlango. Yeye mtoto alidhani mama anamsubiri mtu. Akawa na wivu na huyo mtu. Mama alifariki mwaka uliofuata. "Mpaka uliponiletea fomu ile, Rula, sikuwahi kujua alikuwa anatazama nini. Miaka yote hiyo."

Nilitazama mikono yangu. Sikuwa na pengine pa kutazama.

"Nataka umtafute. Siku ya ufunguzi nataka asimame yeye, aseme yale maneno mwenyewe. Tusijisifu sisi. Ufunguzi ni tarehe tatu Mei."

"Sidhani kama nitampata, Bosi."

"Zahanati ni moja, bonde ni moja. Utampata."

Ningekuwa na uso wa kuniumbua, ungeniumbua pale pale. Lakini nina uso wa mtu anayepima vitu, na watu huuamini.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwambia Bosi kwamba Mama wa Kikapu amesafiri kwenda kwa binti yake. Amesema hakuna shida, binti atakuwa na simu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sikudhani ningelifanya.

Shangazi alikuwa anashona mfuko wa mto karibu na dirisha. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya stuli, umevimba kama kawaida yake. Presha nayo, tangu mwaka jana, haimpi raha. Kila mwezi anakwenda zahanati ile ile kuchukua dawa. Nimeishi naye tangu baba, kaka yake, alipofariki. Hajawahi kuninyima kitu.

Nikamwambia kuna mama mmoja aliyesema maneno mazuri, kasafiri, na siku ya ufunguzi anatakiwa mtu wa kusimama mahali pake. Ni sentensi moja tu.

"Kwa hiyo nijifanye yeye?"

"Umwakilishe, shangazi."

"Haya maneno ya ofisini. Kumwakilisha!" Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mimi nisimame mbele za watu wakubwa na hili guu?"

"Utasimama kidogo tu."

"Basi nitafanya, kwa kuwa ni wewe. Lete hiyo sentensi."

Nikaisema. Akairudia. Akaitafuna kidogo mdomoni, akanitazama.

"Alisema hivyo kweli? Moyo wangu unatulia?"

"Alisema."

"Mh. Mgonjwa mwenye nafasi huyo." Akarudi kwenye mfuko wake.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemsikia Shangazi anaisema bafuni, kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari.

Jumatatu, 22 Aprili

Mabenchi yamefungwa. Bolti ishirini na tano kwa spana ya Fundi. Mbao laini, kingo zimekatwa mviringo, ukuta wa njano iliyopauka. Ni ukumbi mzuri kuliko vyote tulivyowahi kufanya, na ninasema hivyo nikijua. Nesi amejaribu kipaza sauti: moja, mbili, tatu. Kikasikika mpaka barabarani. Wameanza kuutumia leo leo bila kungoja ufunguzi.

Nilipokuwa natoka, mwanamke mmoja alikuwa amekaa benchi la mbele huku amegeuka mzima mzima kutazama nyuma, shingo imemkaa kama ya kuku. Nilidhani anamtafuta mtu.

Alhamisi, 25 Aprili

Leo Shangazi alikuwa na siku ya dawa. Alitoka saa moja asubuhi, kukiwa na mawingu tu. Saa tatu mvua ikaanza, ile ya kumwaga, ya kufanya watu ofisini waongee kwa kupiga kelele. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikaendelea na kazi. Nilikuwa nachora kibao cha choo.

Nilirudi nyumbani saa kumi. Yeye aliingia saa kumi na moja kasoro, amelowa mpaka kichwani, amebeba viatu mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Jamani, mbona umechelewa hivi?"

"Marahaba. Ngoja nikae kwanza."

Nikamletea taulo. Nikapiga magoti kumfuta miguu, maana kuinama hawezi. Ule wa kulia ulikuwa umejaa mpaka kidole kikizama kinaacha shimo.

"Dawa ziko wapi, niziweke juu?"

"Sikupata."

"Zimekwisha?"

"Zipo. Ila leo wamenipita." Alisema bila hasira, kama mtu anayesimulia ya jirani. "Nimekaa tangu saa mbili. Mvua ilipoanza, lile bati, unalijua, husikii hata anayekukoholea sikioni. Nesi anaita kwenye hiyo spika yenu, sisi tunasikia vrr, vrr. Nimekuja kwenda dirishani saa tisa, ananiambia, mama, nimekuita mara mbili, kadi yako nimeirudisha chini ya zote. Na dakitari ameshaondoka. Basi nikaja zangu. Niende Jumatatu."

"Na zamani mvua ikinyesha mlikuwa mnafanyaje?"

Niliuliza nikiwa bado nimepiga magoti. Nilikuwa najua tayari. Nilitaka tu lisemwe na mtu mwingine.

"Zamani si tulikuwa tunamtazama! Akinyanyua kadi, anakutolea macho, anakuita kwa mkono. Asiyeona anaguswa na mwenzake. Siku za mvua pale hakuna anayesikia, mwanangu, watu wote wanageuza mabenchi wanamtazama nesi. Ndiyo maana yalikuwa yamekaa ovyo ovyo vile." Akavuta pumzi. "Si kwamba nalaumu. Mmepatengeneza pamependeza. Ila sijui nani aliwaambia tunataka kutazama mlango. Mlango wa nini? Tunaujua, ndio tuliopitia."

Kisha, kwa kuwa alidhani nimeumia kwa kazi yangu kusemwa, akanipiga begani kwa taulo, akanyoosha mgongo na kutoa ile sauti yake ya taarifa ya habari:

"Nikiuona mlango, moyo wangu unatulia! Eeh? Si hivyo? Usijali, siku ya ufunguzi nitaisema vizuri, sitakuaibisha."

Nikamwambia. Sikupanga maneno; yalitoka kama mtu anavyotapika, bila kuchagua wakati. Hakuna mama. Hakuna kikapu. Nilijaza mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa wapi siku hizo?"

"Hapa. Chumbani."

"Zile siku tatu nilizokuletea chai?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nikakupa na blanketi."

"Ndiyo."

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Aliweka mguu wake juu ya stuli mwenyewe, kwa kuunyanyua na mikono miwili, nami sikuthubutu kusaidia. Akasema, "Mimi nilikuwa pale Jumanne ile ya mvua. Nilivuka daraja nimeshikwa mkono na watu nisiowajua. Ungekuja, ungenikuta."

Kisha akaomba nimwache apumzike.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekwenda zahanati kabla ya ofisi. Mvua ile ile. Nimevuka daraja na viatu mkononi. Mtu wa mbele alinyoosha mkono wake nyuma bila hata kugeuka, nikaushika. Nilisimama ukumbini dakika arobaini. Watu hamsini na kitu wamekaa mabenchi mazuri na karibu wote shingo zimegeuka nyuma. Wengine wamepiga magoti juu ya benchi kama watoto, wanachungulia juu ya egemeo. Nesi amenyanyua kadi. Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele hakumwona, na aliyekuwa jirani yake naye alikuwa amegeukia upande mwingine. Kadi ikashushwa chini. Nikamgusa mzee. Akanyanyuka, akafika dirishani kadi ya mwingine ikiwa tayari juu, wakaanza kubishana.

Nikaenda ofisini nikiwa nimelowa hivyo hivyo. Nilimwambia Bosi mbele ya Rangi na Fundi, nikisimama. Nilikuwa nimeamua niseme mbele ya wote ili nisipate pa kurudi.

Rangi ndiye aliyeanza. "Unatania."

"Sitanii."

"Kaka Rula, nimechagua njano kwa ajili ya yule mama! Nimemwota!"

Fundi alikuwa ananitazama na kurudia mdomoni, bila sauti, siku zote kumi, siku zote kumi. Siku zote nimemwona mtu wa kero. Swali lake moja lilikuwa na thamani kuliko fomu zangu zote.

Bosi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Zipi?"

"Zile za mvua."

"Yaani zile tatu ambazo zingetuonyesha." Akatikisa kichwa taratibu. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea, na akaliuliza kwa sauti ndogo, kama hataki Rangi asikie: "Kwa hiyo mama yangu alikuwa anatazama nini?"

Nilisema sijui. Ndilo jibu la kweli la kwanza nililompa tangu Machi.

Alikwenda ukutani akaibandua sentensi ya kijani. Hakuichana. Aliikunja mara nne. Akageuka, na sasa alikuwa na hasira, nikaona ananitafutia maneno na hayapati yanayotosha. Mwishowe akasema: "Na mimi nina langu. Zile fomu nne za kwanza zilikuwa za kweli, nikakurudishia kwa kuwa hazikuniliza. Hilo ni langu. Lakini huwezi kulibeba likufunike la kwako. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kazi yako tutaizungumza mabenchi yakishakaa sawa. Ufunguzi hakuna. Nitawapigia pia wale wa maktaba. Jumatatu asubuhi sote tunakwenda zahanati, na wewe utasimama mbele ya watu wale uwaambie. Si mimi, si barua. Wewe."

Jumamosi, 27 Aprili

Shangazi ameniitikia salamu. Hajaongeza neno.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeandika nitakayosema. Ukurasa mmoja na nusu. Nimeusoma mara nne. Kuna sehemu nimeomba radhi kwa maneno mazuri, nimeifuta. Nimebaki na nusu ukurasa.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Tumevuka daraja sote: Bosi amekunja suruali magotini, Rangi na mwavuli uliopinduka, Fundi na mkoba wa spana kichwani. Shangazi nilimshika mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia alikuwa amekwisha kuutoa kwa mtu mwingine.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nesi aliponiruhusu nilisimama mbele ya dirisha lake, nyuma ya watu wote, na hapo nikagundua kwamba ili wanione inabidi wote wageuke. Wakageuka. Shingo hamsini.

Nilifungua karatasi yangu. Bati lilikuwa linaunguruma. Nilisema mimi ndiye niliyechora mabenchi haya. Nilisema nilitakiwa kukaa nao siku kumi nikakaa saba, na zile tatu nilizikaa kitandani. Nilisema kuna mama niliyemtunga.

"Anasemaje?" mtu aliuliza.

"Hatusikii!"

"Sogea huku kati, kaka!"

Nikasogea kati ya mistari nikaanza upya, nikipiga kelele. Kuungama kwa kupiga kelele ni kugumu. Kila neno linatoka kama unagombana na mtu. Nilifika kwenye mama wa kikapu, nikaona nyuso zinanitazama kwa subira ile ile wanayoitumia kumtazama nesi anapoita jina la mwingine. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa tatu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama dirisha, asije akapitwa tena.

Mzee mmoja alinyanyua mkono. Nadhani ni yule niliyemgusa Ijumaa.

"Kijana, nimekuelewa. Ulidanganya."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Sasa haya mabenchi yanageuzwa lini?"

Nilitazama karatasi. Hilo halikuwemo.

"Leo," alisema Fundi nyuma yangu, na tayari alikuwa chini, shavu sakafuni, spana kwenye bolti ya kwanza.

Watu wakainuka. Hakuna aliyewaambia. Waliokuwa na nguvu walishika ncha za benchi la mbele, wengine wakachukua vikapu na watoto wa wenzao. Mtu akawa anaelekeza: huku, hapana, huku kidogo, wa kule ukutani ataona? Kaa uone. Unaona? Unamwona nesi? Haya, hapo hapo. Nesi aliweka kadi pembeni, akatoa kichwa dirishani akawa anasema nani haonekani. Bosi alikuwa ameshika ncha moja pamoja na mama mjamzito aliyekataa kuambiwa akae. Rangi alikuwa anaburuta, analia na kucheka kwa pamoja, mikono imechafuka.

Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati na nusu ukurasa wangu mkononi. Nilikuwa sijamaliza. Nilikuwa bado sijafika mahali pa kuomba radhi.

Benchi la pili lilikuwa linakuja upande wangu, limebebwa na watu wanne. Wa mbele alikuwa anatembea kinyumenyume na hakuniona. Wa nyuma ndiye aliyeniona.

"Kaka, pisha," alisema.

Nikapisha.